Bustani Ndani ya Maji: Samaki Waje Mwisho



Mwezi huu tunageukia jambo ambalo akina mama kadhaa wametuuliza, wengine baada ya ibada, wengine kliniki walipoleta watoto kupimwa uzito. Watoto wameona tangi la samaki kwa jirani na sasa nyumbani hakuna amani. Kila siku ni, "Mama, na sisi tununue samaki." Baba naye ameshalainika. Mama anabaki na maswali mawili: nianzeje, na je, si hatari kwa watoto?

Jibu letu ni kwamba jambo hili linawezekana, wala halihitaji utajiri. Lakini ni vema tuseme ukweli tangu mwanzo: matangi mengi huishia vibaya. Jumamosi hununuliwa tangi na samaki kwa pamoja. Jumapili wageni wanasifia. Kufikia Jumamosi ya pili nusu ya samaki wanaelea juu ya maji, mtoto analia, na fedha imekwenda. Watu husema muuzaji aliwauzia samaki wagonjwa, au ni jicho la jirani. Mara nyingi si hivyo. Samaki hao wameuawa na haraka.

Tukisoma sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo tunaona utaratibu mzuri. Maji yalikuwako kwanza, mimea ikaumbwa siku ya tatu, na samaki wakaja siku ya tano. Muumba aliwaandalia mahali pa kuishi kabla ya kuwaita. Mama atakayefuata utaratibu huo sebuleni kwake hatajuta.

Kwa nini maji mapya huua samaki

Kila mama aliyelea anajua ile harufu kali ya nepi iliyokaa usiku kucha. Hiyo ni amonia. Samaki naye hutoa amonia, tena huitoa ndani ya maji yaleyale anayopumua. Chakula kilichobaki kikioza nacho huongeza. Mtoni maji yanapita na kuichukua, lakini ndani ya tangi hakuna pa kwenda. Amonia huunguza matamvua ya samaki, yaani yale mashavu anayopumulia, naye hufa ingawa maji yanaonekana maangavu kama ya kunywa.

Mungu ameweka dawa yake. Wapo vijidudu vyema ambavyo huishi juu ya changarawe, majani na sponji ya kichujio. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwa kuwa huzuia damu ya samaki kubeba hewa. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo, na mimea huitumia kama mbolea. Sisi wauguzi tunaifahamu habari hii kwa upande wa binadamu pia: maji ya kisima yenye nitrati nyingi hayafai kuchanganyia maziwa ya kopo ya mtoto mchanga, maana tumboni mwake hugeuka nitriti na kuidhuru damu yake kwa njia hiyohiyo.

Vijidudu hivyo havinunuliwi pamoja na tangi. Huzaliana polepole, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Huo ndio muda ambao watu hawataki kuungoja.

Mimea hufupisha njia, kwa sababu nayo hunyonya amonia moja kwa moja. Jambo hili lilionyeshwa zamani. Mwaka 1850 mkemia wa London aitwaye Robert Warington alieleza jinsi alivyowatunza samaki wawili wa dhahabu ndani ya maji yenye mimea, pamoja na konokono wa kula majani yaliyooza. Na tusidhani haya ni mambo ya wanaume peke yao. Mwaka 1832 matangi ya kioo ya kuchunguzia viumbe wa baharini yalibuniwa na mama mmoja Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa mshona nguo kabla ya kuolewa na kuhamia kisiwa cha Sicily.

Tangi na mahali pake

Anza na tangi la urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30. Huchukua lita 54. Usidanganyike na bakuli dogo la duara. Maji machache huchafuka upesi na kubadilika joto upesi. Fundi vioo mzuri anaweza kukutengenezea kwa kioo cha milimita 6, mradi atumie gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, na aliache tangi likauke wiki nzima. Lijaze kwanza uani, lilale siku mbili, uone kama linavuja.

Kumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi hili likijaa, pamoja na kioo na changarawe, hupita kilo 70, uzito wa mtu mzima. Kwa hiyo usiliweke juu ya kabati la televisheni lililolegea miguu, wala kimeza ambacho mtoto hukishika anapojifunza kusimama. Mwambie seremala akutengenezee meza imara, juu yake uweke kipande cha povu chembamba ili kioo kikae sawa.

Liwe mbali na dirisha linalopigwa na jua. Jua la moja kwa moja hupasha maji moto na kuotesha utando wa kijani juu ya kila kitu. Taa ya LED inayowaka saa nane kwa siku inatosha kwa mimea tutakayoitaja. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa maji yenyewe ni ya vuguvugu. Kwa walio Mbeya, Iringa, Arusha au Nairobi itabidi hita ndogo, maana samaki wengi wa mapambo hupenda nyuzi 24 hadi 27.

Wiki ya kwanza: maji na mimea

Osha changarawe ndogo au mchanga wa mtoni hadi maji ya kuoshea yatoke safi, kisha tandaza unene wa sentimeta 5. Usitumie sabuni. Usitumie kombe wala matumbawe ya pwani. Yana chokaa, na chokaa hubadilisha maji.

Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini, nayo ni sumu kwa samaki na kwa vile vijidudu vyema. Weka maji kwenye ndoo pana kwa siku nzima, klorini itapotea yenyewe. Zipo pia dawa za matone kwa wauza samaki, na hizo ndizo salama zaidi pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, ambayo haipotei kwa kungoja.

Kuhusu mimea, chagua isiyodeka. Ceratophyllum haina mizizi. Huelea tu, hukua upesi, na hunyonya uchafu vizuri sana. Imo hata katika Ziwa Victoria. Vallisneria ina majani kama riboni ndefu na hutambaa chini ikizaa miche. Anubias ni mzaliwa wa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Majani yake ni magumu na huvumilia mwanga hafifu. Ifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo, wala usiufukie ule mshina wake mnene, utaoza. Panda mingi tangu siku ya kwanza. Tangi lenye mmea mmoja katikati linapendeza kwenye picha, lakini halifanyi kazi.

Wiki sita za kungoja

Sasa watoto watauliza, "Samaki wako wapi?" Hapa ndipo subira ya mama inapopimwa. Tia chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili, zioze na kuwalisha wale vijidudu. Ukiwa na rafiki mwenye tangi lililokaa muda mrefu lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji ya kichujio chake. Ni kama kuomba chachu kwa jirani. Majani kadhaa yatanyauka mwanzoni. Yaondoe, mapya yatakuja.

Vipo vipimo vya kuchovya vinavyoonyesha amonia na nitriti. Vyote viwili vikisoma sufuri kwa wiki nzima ilhali unaendelea kutia chakula, nyumba ya samaki iko tayari. Usipopata vipimo, ngoja wiki sita kamili na utazame kama mimea inatoa majani mapya.

Lakini tahadhari mama! Maji yaliyotulia bila samaki ni kitanda cha kuzalia mbu. Yai la mbu laweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Mbu aenezaye homa ya dengue, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anapenda hasa maji safi yaliyomo vyomboni, ndani na karibu na nyumba. Kwa hiyo tangi na ndoo zako zifunikwe kwa kipande cha chandarua kilichobana pande zote. Samaki wakishaingia, watakula viluwiluwi wenyewe.

Samaki wanaingia

Kwa tangi hili twashauri gapi, samaki wadogo wenye asili ya Amerika ya Kusini. Ni wavumilivu na mikia yao ni kama khanga mpya. Anza na watatu. Weka mfuko wao ukielea ndani ya tangi robo saa ili joto lilingane, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo mfukoni, kisha wahamishe kwa wavu. Baada ya wiki mbili ongeza watatu wengine. Ukifika kumi, simama.

Jambo moja la kujua: gapi hazai mayai, huzaa watoto hai, karibu kila baada ya wiki nne. Tena jike aweza kutunza mbegu za dume na kuzaa mara kadhaa kwa miezi bila kuliona dume tena. Usiposhangaa leo utashangaa baadaye! Kama hutaki kuwa na samaki mia, nunua madume matupu.

Usichukue perege wala sato. Wanakua wakubwa na watang'oa bustani yako yote. Samaki wa dhahabu naye huchafua sana na hula majani. Wale samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa ni fahari yetu, na hupelekwa mbali kuuzwa. Wapo ambao mama huwatunza watoto kinywani kwa wiki tatu hivi bila kula. Lakini wengi wao ni wagomvi, hufukua mchanga, na huhitaji matangi makubwa ya mawe. Waachwe kwa wazoefu.

Kulisha ndiko kunakoua wengi baada ya haraka. Toa kile kinachoweza kumalizwa kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Wageni, dada wa kazi na watoto wote wakilisha kwa huruma, maji yataharibika. Mteue mtoto mmoja kuwa mlishaji wa wiki, apimiwe kwa kijiko kidogo, na kopo likae juu ya kabati. Mkisafiri siku tatu, samaki wazima hawatakufa njaa.

Kazi ya kila wiki

Siku moja kwa wiki, toa robo ya maji kwa mpira ukinyonya takataka za chini, urudishe maji yaliyolala kwenye ndoo. Jaza mpira maji kwanza ndipo uanze kumwaga, usivute kwa mdomo. Kata mimea iliyozidi, futa kioo. Sponji ya kichujio isuuze ndani ya ndoo ya maji uliyotoa, kamwe si bombani, usije ukawaua vijidudu vyako kwa klorini. Maji machafu mwagilia mchicha. Ni mbolea nzuri.

Umeme ukikatika usiogope. Samaki wachache kwenye mimea mingi wataweza kungoja. Wanaopata shida ni waliosongamana, hasa usiku, kwa kuwa gizani mimea nayo hutumia hewa iliyo majini.

Usalama wa watoto

Hapa tunasema kama wauguzi, na tunaomba sehemu hii isirukwe.

Kwanza, ndoo. Mama wengi huogopa tangi, lakini tangi liko juu na lina kifuniko. Hatari kubwa ni ile ndoo ya maji yanayolala sakafuni. Mtoto anayetambaa au kutembea akiinama na kutumbukia kichwa hawezi kujiinua, na maji ya sentimeta 5 tu yanatosha kumzamisha, tena kimya kimya. Ndoo zikae chumba kinachofungwa, zikiwa na vifuniko.

Pili, umeme. Nyaya zote zining'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono majini.

Tatu, kichocho. Usiwatume watoto bwawani, mtaroni au ziwani kuchota mimea na konokono wa bure. Vimelea vya kichocho hukua ndani ya konokono fulani wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Vikishatoka huishi siku mbili tatu tu, lakini konokono mwenye maambukizi huendelea kuvitoa kwa wiki nyingi. Fikiria konokono huyo akiwa ndani ya tangi ambamo mtoto wako anatia mkono kila siku! Nunua mimea kwa anayeiotesha. Hata hiyo, vaa glavu, ioshe, tazama chini ya majani, ondoa konokono na mayai yao yaliyo kama ute, kisha iloweke kwenye ndoo peke yake wiki nzima na uikague tena. Mtoto ambaye amekwisha kuingia bwawani, na hasa akikojoa damu au kuharisha damu, apelekwe kituo cha afya. Kichocho kinapimwa na kina dawa.

Nne, mikono. Kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kugusa tangi, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Mwenye kidonda mkononi asitie mkono bila glavu. Yupo kijidudu wa majini, ndugu wa vile vya kifua kikuu na ukoma, anayeingia penye mchubuko na kuleta uvimbe usiopona kwa wiki nyingi. Ukipata hali hiyo mweleze daktari kwamba unafuga samaki, maana asipojua atatibu kitu kingine.

Usimwage mtoni

Magugu maji yaliyosumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, yakafunga bandari na kuzuia mitumbwi ya wavuvi, asili yake ni Amerika ya Kusini. Yalisambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri. Kwa hiyo ukichoka na tangi, samaki wape jirani, mimea ikaushe juani na uifukie. Usimwage mtoni wala mtaroni. Tusiharibu kazi ya Mungu kwa kutokujali.

Samaki akifa

Atakufa mmoja siku fulani, hata ukitunza vema. Gapi huishi miaka miwili hivi. Tunajua mama wanaokimbia dukani kununua mwingine wa rangi ileile kabla mtoto hajarudi shule. Twashauri usifanye hivyo. Wodini tumewaona watoto waliofiwa na bibi au mdogo wao, na hakuna aliyewahi kuzungumza nao habari ya kifo. Samaki mdogo anampa mama nafasi ya kusema mapema, bila hofu: amekufa, harudi, hana maumivu, na tulimtunza vizuri. Mwache alie. Mzikeni pamoja bustanini. Kisha pimeni maji pamoja kutafuta kama kuna sababu.

Mwisho, zungumza na baba watoto kabla ya kununua chochote. Kama ada ya shule haijalipwa, tangi lingoje. Mkikubaliana, anzeni leo kwa kutafuta meza imara na changarawe ya kuosha, na kila mtoto apewe kazi yake. Wiki sita si nyingi. Mama aliyebeba mimba miezi tisa anajua kungoja.

Bwana awabariki pamoja na nyumba zenu. Tukutane tena mwezi ujao.